Cicely Tyson na Kazi Alizozikataa

Leo nimekuja na habari za mwigizaji mmoja aliyeishi miaka 96, na zaidi ya miaka 60 kati ya hiyo aliitumia jukwaani na mbele ya kamera. Anaitwa Cicely Tyson. Alizaliwa New York tarehe 19 Desemba 1924, akafariki tarehe 28 Januari 2021. Huenda jina ni geni kwako, lakini sura umeiona. Mama wa Kunta Kinte katika Roots ya mwaka 1977, yule anayejifungua kule Gambia mwanzoni kabisa mwa hadithi, ni yeye. Yule yaya mzee katika The Help ya mwaka 2011, aliyelea mtoto wa watu mpaka akakua kisha akafukuzwa kana kwamba hakuwahi kuwa mtu pale nyumbani, ni yeye. Na kama ulifuatilia How to Get Away with Murder, mama mzazi wa wakili Annalise Keating, anayemchana nywele binti yake huku wakiambiana mambo mazito, naye ni yeye.

Kazi zake nimezipenda kwa muda mrefu, lakini sitazipanga hapa moja baada ya nyingine. Ninachotaka kusema ni hiki: Cicely Tyson alijijenga zaidi kwa kazi alizozikataa kuliko kwa zile alizozikubali. Na kukataa kwake kulikuwa na uzito kwa sababu kulitoka kwa mtu aliyeijua kazi yake barabara.

Twende mwaka 1972. Filamu ya Sounder imetoka, na Tyson anazunguka kuitangaza. Ni habari ya familia ya Weusi kule Louisiana katika miaka ya 1930, wakulima wanaolima ardhi ya mwenyewe na kugawana naye mavuno, kugawana ambako mkulima huishia na deni kila mwaka. Katika kikao kimoja, mwandishi wa habari, Mzungu, akasema filamu ilimgusa, ila kuna jambo lilimkera moyoni: yule kijana mweusi anamwita baba yake kwa neno lilelile linalotumika nyumbani kwake yeye, mwandishi.

Tafakari kauli ile. Mtu mzima, msomi, anakiri hadharani kwamba hajawahi kufikiria kuwa mtoto wa Mweusi ana baba kama mtoto wa Mzungu alivyo na baba. Tyson aliisimulia habari hii tena na tena kwa miaka mingi. Alieleza kwamba hapo ndipo alipoona hawezi tena kuwa mwigizaji tu, anayepokea simu ya wakala na kwenda kazini. Kama watu wanajifunza kuhusu Weusi kwenye skrini, basi kila sura atakayoivaa itakuwa ushahidi, ama wa kweli ama wa uongo.

Mkumbuke ulikuwa wakati gani. Shaft ilikuwa imetoka mwaka 1971, Super Fly ikafuata mwaka 1972, na Hollywood ilikuwa imegundua kwamba kuna fedha nyingi kwenye sinema za Weusi zilizojaa bastola, dawa za kulevya na makahaba. Kazi zilikuwepo. Waigizaji weusi waliokaa miaka bila ajira sasa walikuwa wanaitwa. Kuzikataa kazi hizo kulimaanisha kukaa nyumbani wakati wenzako wanalipwa, na Tyson alikaa. Kuna vipindi virefu alipokosa kazi kabisa. Akawa anapita vyuoni akihutubia wanafunzi, akisubiri muswada utakaomstahili. Alisema alikuwa na kipimo chake mwenyewe: akisoma muswada, ama mwili unamsisimka ama tumbo linamchafuka. Likichafuka, hachezi.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea. Husemwa kwamba alikataa kuigiza watumwa na wafanyakazi wa ndani. Si kweli, na kazi zake zenyewe ni ushahidi. Rebecca wa Sounder ni mkulima maskini asiye na viatu vya maana. Jane Pittman, aliyemwigiza mwaka 1974, alizaliwa utumwani. Yule wa The Help ni mtumishi wa nyumbani. Umaskini haukumtisha, wala utumwa, wala kazi ya kufua nguo za watu. Mama yake mwenyewe aliifanya. Alichokataa ni mtu asiye na ndani. Mwanamke aliyeandikwa ili achekwe, au apigwe, au apite tu nyuma ya mhusika mkuu bila sisi kujua anafikiri nini. Mpe mtumishi mwenye mawazo, mwenye hasira, mwenye mapenzi, naye angempa mwili wake wote.

Na mwili wenyewe aliupata wapi? Turudi nyuma kidogo.

Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Baba, William, alikuwa fundi seremala na mpaka rangi. Mama, Fredericka, alifanya kazi katika nyumba za watu. Watoto walilelewa East Harlem, na maisha yao yalizunguka kanisa. Sinema zilikuwa mwiko katika nyumba ile. Binti alipata mtoto akiwa na miaka 17, akaolewa mapema, na ndoa haikudumu. Akajitafutia riziki kwa kupiga taipu ofisini kwa Shirika la Msalaba Mwekundu. Yasemekana siku moja aliinuka kutoka kwenye mashine akatangaza mbele ya wenzake kwamba Mungu hakumleta duniani kupiga taipu mpaka afe. Akaingia katika uanamitindo, picha zake zikatokea magazetini, na kutoka huko akavutwa kwenye uigizaji. Umri wake ulikuwa umeshavuka miaka 30.

Ndiyo maana kwa miaka mingi magazeti yaliandika kwamba alizaliwa 1933. Umri wake ulipunguzwa karibu miaka kumi, na ukweli ulikuja kujulikana vizuri alipokuwa mzee. Simlaumu hata chembe. Mwanamke mweusi, mama wa mtoto, anayeanza uigizaji baada ya miaka 30 katika Marekani ya miaka ya 1950, angesema umri wake wa kweli nani angempa hata nafasi ya kufanyiwa majaribio?

Mama yake aliposikia kwamba binti anakwenda kuigiza, alimfukuza nyumbani. Kwake yeye, jukwaa na dhambi vilikuwa mlango mmoja. Karibu miaka miwili hawakusemezana. Wasikilizaji, hapa sihitaji kueleza sana, kwa sababu ni wengi mno kwetu walioambiwa kwamba kuigiza ni uhuni, wakatoka nyumbani na begi moja. Tofauti ni kwamba mama huyu baadaye alikwenda kumtazama binti yake akiigiza, akaona kwa macho yake ni kazi ya namna gani, na wakapatana.

Mwaka 1958 Tyson alikuwa kwenye mchezo uitwao Dark of the Moon, pale YMCA ya Harlem, chini ya mwongozaji Vinnette Carroll. Lakini chuo chake hasa kilikuwa The Blacks. Ni mchezo wa Mfaransa Jean Genet, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1961 katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, New York. Waigizaji wote ni Weusi. Baadhi yao wanavaa vinyago vyeupe na kujifanya malkia, hakimu, askofu, na wengine wanawachezea mauaji mbele yao. Ni mchezo mgumu, mkali, unaomgeuzia mtazamaji kioo usoni. Ulionyeshwa zaidi ya mara 1,400. Sasa sikilizeni majina yaliyokuwa kwenye jukwaa lile dogo: James Earl Jones, Maya Angelou, Roscoe Lee Browne, Louis Gossett Jr., Godfrey Cambridge, na Cicely Tyson. Kizazi kizima cha waigizaji weusi wa Marekani kilipita katika chumba kimoja. Usiku baada ya usiku unasema maneno yaleyale mbele ya watu wapya, unajifunza sauti inafika wapi, ukimya unabeba kiasi gani, na ukigeuza shingo kidogo ukumbi unafanya nini. Kamera baadaye ilimkuta mtu aliyekwisha kujijua.

Ni katika mchezo huo ndipo mwigizaji George C. Scott alipomwona, naye Scott ndiye aliyekuwa nyota wa tamthilia ya televisheni iitwayo East Side/West Side, kuhusu ofisi ya ustawi wa jamii New York. Tyson akapewa nafasi ya katibu wa ofisi, mwaka 1963. Nafasi ilikuwa ndogo. Kilichokuwa kikubwa ni nywele zake.

Kabla ya hapo, kwa ajili ya mchezo mmoja wa televisheni ambamo aliigiza mwanamke wa Kiafrika, alikuwa amekwenda kwa kinyozi Harlem. Wakati huo mwanamke mweusi hakutoka nje bila kupitisha kitana cha moto, sembuse kusimama mbele ya kamera. Yeye akataka zikatwe fupi, kisha zioshwe ili zirudi kwenye msokoto zilizozaliwa nao. Kinyozi alisita. Akakata. Na sasa, katika East Side/West Side, nywele zile fupi za kipilipili ziliingia kila wiki katika sebule za Wamarekani, juu ya kichwa cha mwanamke mwenye kazi ya ofisini na heshima yake. Barua zikamiminika. Wengine walimwambia ameiaibisha rangi yake: amepata bahati ya kuonekana, mbona anajitokeza hivyo? Wenye saluni walilalamika kwamba wanapoteza wateja, kwa sababu wanawake wameanza kuja kukatwa nywele kama zake. Baadhi ya vituo vya kusini havikutaka kuionyesha tamthilia ile, na ilikufa baada ya msimu mmoja. Nywele hazikufa. Binti anayesoma habari leo kwenye televisheni yoyote akiwa na nywele zake za asili ana deni dogo kwa kiti kile cha kinyozi.

Tuje kwenye Sounder yenyewe. Kwanza walitaka aigize mwalimu, mwanamke nadhifu mwenye vitabu. Akasema hapana, namtaka Rebecca, mama wa familia. Wakamwambia ni kijana mno, ni mzuri mno. Aling'ang'ania mpaka akampata. Kuna sehemu moja ambayo nikiulizwa uigizaji ni nini, ndiyo ninayoitaja. Mume, Nathan, amefungwa kazi ngumu kwa kuiba nyama ili watoto wale. Miezi imepita. Siku moja mbwa anabweka, na mbali kule njiani anaonekana mtu anachechemea. Rebecca anasimama barazani, anakinga macho jua, anatazama. Hajui kama aamini. Kisha mguu mmoja unatoka, halafu wa pili, halafu anakimbia, mikono mbele, kinywa wazi, anakimbia kama mtu aliyesahau kwamba ana mwili. Hakuna hotuba. Njaa, upweke, hasira na hamu ya mwanamke aliyelima shamba peke yake na watoto, yote yamo katika kukimbia kule. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka huohuo Diana Ross naye aliteuliwa, na tuzo ikaenda kwa Liza Minnelli kwa filamu ya Cabaret.

Januari 1974, televisheni ya CBS ilionyesha The Autobiography of Miss Jane Pittman, kutoka riwaya ya Ernest J. Gaines. Jane anazaliwa utumwani, anaishi miaka 110, na anafika mwaka 1962, siku za harakati za haki za raia. Tyson alimwigiza kuanzia ujana mpaka uzee huo wote. Alikuwa na miaka 49. Kumpodoa awe bibi wa miaka 110 kulichukua kama saa sita kwa siku, kazi ya Stan Winston na Rick Baker, ambao walikuja kuwa magwiji wa fani hiyo. Lakini vipodozi havitembei. Tyson alikwenda katika nyumba za kulelea wazee, akakaa nao, akatazama bibi anavyoshika kikombe, anavyomeza mate kabla ya kusema, anavyopumzika katikati ya sentensi kwa sababu pumzi imekwisha na si kwa sababu wazo limekwisha.

Mwisho wa filamu ile, bibi Jane anakwenda mjini. Mbele ya jengo la mahakama kuna bomba la maji ya kunywa lililoandikwa kwamba ni la Wazungu tu. Anateremka, anashika mkongojo, anaanza kutembea. Polisi wanatazama, watu wake wanatazama. Filamu inakuacha umngoje kwa mwendo wake mwenyewe, hatua kwa hatua, haikuharakishi. Anafika, anainama, anakunywa, anageuka, anarudi. Nimekwisha kuiona mara nyingi na bado hunibana koo. Filamu ilizoa Emmy tisa, na mbili kati ya hizo zilikuwa zake.

Baada ya hapo milango ilifunguka kiasi, hasa ya televisheni. Aliigiza Coretta Scott King na Harriet Tubman mwaka 1978, na mwalimu Marva Collins mwaka 1981. Tazama orodha hiyo: wanawake waliokuwepo kweli. Sinema kubwa haikumpa nafasi nyingine kama ya Rebecca. Hilo ndilo linaloniuma. Tunampongeza kwa subira yake, lakini tusisahau kuuliza kwa nini mtu mwenye kipaji kile alilazimika kusubiri. Ni michezo mingapi ya Ibsen, ya Chekhov, ya Shakespeare ambayo angeicheza katika miaka yake ya 40 na 50, na hatutaiona kamwe? Kukataa kwake kulikuwa kwa kishujaa, ndiyo, na gharama yake ililipwa na yeye, na binti yake aliyekua huku mama akiwa kazini au akiisaka kazi, na sisi watazamaji pia. Binti huyo Tyson hakumtaja jina hadharani. Hata katika kitabu cha maisha yake alimpa jina la kubuni, na akakiri wazi kwamba mtoto ndiye aliyelipa zaidi.

Ndoa yake na mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyofungwa mwaka 1981 na kuvunjika mwishoni mwa miaka ya 1980, magazeti yameiandika vya kutosha. Mimi ningetaka zaidi tukumbuke kwamba baada ya Martin Luther King kuuawa mwaka 1968, mcheza bale Arthur Mitchell alipoanzisha Dance Theatre of Harlem ili watoto wa mtaa ule wajifunze dansi ya bale, Tyson alikuwa miongoni mwa waliomshika mkono tangu mwanzo. Na kule East Orange, New Jersey, shule ya sanaa iliyopewa jina lake hakuiachia jina tu. Alikuwa anaitembelea na kukaa na wanafunzi.

Sasa tufike jukwaani tena. Mwaka 1985 Tyson alitazama filamu ya The Trip to Bountiful, ya mwandishi Horton Foote, ambamo Geraldine Page aliigiza bibi Carrie Watts. Carrie anaishi Houston katika nyumba finyu na mwanawe na mkwewe, na hana analolitaka duniani ila kurudi kukiona kijiji alikozaliwa kabla hajafa. Tyson alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa wakala wake akamwambia: nitafutie Bountiful yangu, kisha nitapumzika. Ilichukua zaidi ya miaka 25. Mwaka 2013 mwongozaji Michael Wilson aliuleta mchezo huo Broadway na familia ya Carrie ikiwa ya Weusi: Cuba Gooding Jr. ndiye mwana, Vanessa Williams ndiye mkwe. Na Carrie akawa Tyson, akiwa na miaka 88, miaka 30 tangu mara yake ya mwisho kuigiza Broadway.

Sehemu ile Carrie anapotoroka na kufika kituo cha basi, anaimba wimbo wa kanisani wa zamani. Ni ule ambao makanisa yetu pia yanauimba, umo katika Tenzi za Rohoni. Ukumbini likatokea jambo ambalo Broadway hailijui: watazamaji wakaanza kuimba naye. Usiku mmoja, usiku wa pili, mpaka ikawa kawaida. Wanawake wazima waliokuja na makoti yao mazuri wakawa kwaya. Mwandishi mwenyewe alikuwa Mzungu wa Texas aliyemwandikia bibi wa Kizungu mwaka 1953. Sasa watu wa Harlem na Brooklyn walikuwa wanaimba kana kwamba bibi yule ametoka katika safu yao ya viti kanisani. Mwezi Juni Tyson akapata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike.

Alisema atapumzika akiipata. Hakupumzika. Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alirudi Broadway katika The Gin Game, mchezo wa watu wawili tu, wazee wanaocheza karata na kugombana katika nyumba ya wazee. Mwenzake mezani alikuwa James Earl Jones, yuleyule wa The Blacks, miaka 54 baadaye. Mwaka 2016 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka 2018 Hollywood ikampa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kitabu cha maisha yake kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Siku mbili baadaye akafariki, na mwezi uliofuata watu wakapanga foleni katika baridi ya Harlem, nje ya kanisa la Abyssinian, kwenda kumuaga.

Kwa yeyote anayetaka kumjua, hasa nyinyi vijana mnaosomea uigizaji, msianze na tuzo wala na kitabu. Anzeni na Sounder, mtazame barazani pale kabla hajakimbia, zile sekunde anapokuwa bado hajaamini. Kisha mtazame Jane Pittman siku ileile, bila kulala katikati, na muweke macho kwenye mikono yake tu, acheni uso. Mikono ya Rebecca na mikono ya bibi wa miaka 110 ilikuwa ya mtu mmoja, na kati ya filamu hizo ilipita chini ya miaka miwili.